Mfundishe mbwa wako asing'ate angali mdogo

WAFANYABIASHARA na wakulima wa Nyakanazi, mji mdogo ulioko wilayani Biharamulo mkoani Kagera, wanaijua thamani ya mbwa wa ulinzi. Hapo ndipo zinapokutana barabara ya kutoka Kahama, ile ya kwenda Kakonko, Kibondo hadi Kigoma, na ile inayopitia Lusahunga kuelekea Ngara na mpaka wa Rusumo. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana, na pembeni mwa barabara kuna maduka, stoo za nafaka, nyumba za kulala wageni na vibanda vya mama lishe.

Wakazi wa muda mrefu wa ukanda huu hawajasahau miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mabasi ya Biharamulo, Ngara na Kibondo yalipolazimika kusindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi waliokuwa wakijificha porini. Miaka hiyo imepita, lakini mazoea ya kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi yamebaki. Mwenye magunia ya mahindi stoo, mwenye mbuzi zizini na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wote hulala usingizi mzuri zaidi wakijua kwamba nje kuna mbwa.

Hata hivyo, wafugaji wengi huanza vibaya. Mtoto wa mbwa anapoletwa nyumbani akiwa na meno membamba kama sindano, hung'ata vidole, visigino, pindo za kanga na kandambili. Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaocheka na kumchochea, wakisema huyo atakuwa mkali, mwacheni. Na wapo wanaomchapa kofi la mdomo kila anapothubutu. Makundi hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini mara nyingi matokeo yake ni yale yale: mbwa mkubwa asiyejua kiasi cha meno yake, anayeweza kumng'ata mteja, jirani, au mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Makala haya yanaeleza namna ya kumfundisha mtoto wa mbwa kuacha kung'ata bila kumpiga, na kwa nini kazi hiyo ndogo ni sehemu ya kulinda mali, afya ya familia na jina la biashara yako.

Mdomo ndiyo mikono yake

Jambo la kwanza ambalo mfugaji anapaswa kulielewa ni kwamba mtoto wa mbwa anayeng'ata si mbaya wala hana kichaa kwa sababu hiyo tu. Hana mikono. Mtoto wa binadamu hushika kila kitu kwa vidole. Mtoto wa mbwa hushika kila kitu kwa mdomo. Kwa mdomo hujua kipi kigumu, kipi laini, kipi huliwa na kipi hukimbia.

Meno ya utoto huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki tatu hivi, nayo hufikia 28. Kuanzia karibu miezi mitatu au minne meno hayo huanza kung'oka, na hadi kufikia miezi saba hivi mbwa huwa na meno yake ya ukubwani, ambayo ni 42. Katika kipindi hicho cha kubadilisha meno fizi humuwasha na kumuuma, hivyo hutafuna zaidi kuliko kawaida. Mfugaji asiyejua hudhani mbwa amerudi nyuma au amekuwa mkaidi, kumbe ni fizi.

Aidha, wataalamu wa tabia za wanyama wanaeleza kwamba umri wa kati ya wiki tatu na wiki 14 hivi ndio wakati ambao mbwa hujifunza kwa wepesi zaidi nani ni rafiki, nini ni cha kawaida na nini ni cha kuogopwa. Anachokizoea wakati huo hukaa naye maisha yote. Baada ya hapo bado anaweza kufundishwa, lakini kwa kazi kubwa zaidi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Usimchukue kabla ya wiki nane

Sehemu nyingi watoto wa mbwa hugawiwa au kuuzwa wakiwa na mwezi mmoja tu, mara wanapoonekana kuweza kulamba uji. Anayetoa anataka kupunguza mzigo, na anayechukua anaamini kwamba akichukuliwa mapema atamzoea zaidi bwana wake.

Hapo ndipo tatizo la kung'ata linapoanzia. Walimu wa kwanza wa mtoto wa mbwa ni mama yake na ndugu zake. Wanapocheza hung'atana, na mmoja akizidisha, aliyeumia hulia kwa sauti kali na kuacha kucheza. Mama naye, akiumizwa chuchu, huinuka na kuondoka. Kwa njia hiyo mdogo hujifunza somo ambalo binadamu hulifundisha kwa shida: nikiuma kwa nguvu, mchezo unakwisha na maziwa yanaondoka.

Kwa hiyo inashauriwa mtoto wa mbwa akae na mama yake hadi atimize wiki nane. Mfugaji anayetaka mbwa kwa jirani anaweza kukubaliana naye mapema, akachagua anayemtaka, akawa anakwenda kumtembelea na kumshikashika hadi siku ifike. Wakati wa kuchagua, asimkimbilie yule anayewashambulia wenzake wala yule anayejificha pembeni. Yule anayekuja mwenyewe kunusa mkono, akachezewa kidogo na kutulia, ndiye atakayefundishika kwa urahisi.

Hatua za kufuata

Mafunzo haya hayahitaji fedha wala vifaa. Yanahitaji dakika tano tano, mara nne au tano kwa siku, na watu wa nyumba moja wenye kauli moja.

Kwanza, meno yakigusa ngozi kwa nguvu, mchezo uishe. Usivute mkono kwa haraka, kwa sababu kitu kinachokimbia humfanya akifukuze. Acha mkono utulie, sema neno moja fupi kama “basi” kwa sauti ya kawaida, kisha simama, mgeuzie mgongo na usimtazame kwa sekunde 10 hadi 20. Akitulia, rudi uendelee kucheza naye. Akirudia, nawe rudia. Akiendelea kukufuata na kukung'ata miguu, toka na ufunge mlango au wavu kwa muda huo mfupi. Usimfungie saa nzima, maana baada ya dakika moja atakuwa amesahau kwa nini yuko peke yake.

Pili, mpe kitu cha kutafuna badala ya mkono. Chukua kipande cha kitambaa kizito, kama cha suruali kuukuu ya jinzi, kisokote na kukifunga fundo kubwa ambalo hawezi kulimeza. Wakati wa kubadilisha meno kiloweshe kwa maji baridi, kitamtuliza fizi. Anapotaka mkono, mpe kitambaa. Anapokitafuna, msifu kwa sauti ya upole. Kikianza kuchanika na kutoa nyuzi, kitupe na utengeneze kingine.

Hapa kuna tahadhari kwa wakazi wa maeneo ya mahindi. Usimpe gunzi. Mbwa hulimega vipande na kuvimeza, na gunzi halimeng'enywi. Linaweza kukwama kwenye utumbo na kumuua. Vivyo hivyo mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika kwa ncha kali, na mipira ya mifuko ya plastiki wanayotengeneza watoto. Kandambili kuukuu nayo si ya kumpa, kwani hawezi kutofautisha kuukuu na ile mpya ya mgeni aliyeivua mlangoni.

Tatu, mfundishe kupokea chakula kwa upole. Fumba tonge dogo la ugali lenye dagaa ndani ya ngumi, umsogezee. Atalamba, atakwaruza, atajaribu kung'ata. Usifungue. Mara tu anaporudisha mdomo nyuma, hata kwa nukta moja, sema “taratibu” na ufungue kiganja ale. Baada ya siku chache ataanza kusubiri mwenyewe. Mbwa aliyejifunza kwamba subira ndiyo inayofungua mkono hamrukii mtoto mwenye andazi barabarani.

Nne, angalia njaa na usingizi. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala kwa saa nyingi sana, hadi saa 18 au zaidi kwa siku. Anayechezewa mchana kutwa dukani, kila mteja akimbeba, jioni huwa kama mtoto mchanga aliyekosa usingizi: hung'ata kila kitu. Dawa yake ni kumwekea boksi au kona tulivu yenye gunia safi ili alale. Aidha, alishwe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku badala ya makombo ya usiku tu, na apewe dawa za minyoo kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, kwani watoto wa mbwa huambukizwa minyoo wakiwa bado kwa mama yao.

Tano, nyumba nzima iseme neno moja. Ikiwa baba husema “basi”, mama “toka” na kijana wa dukani anamchochea kwa mguu ili watu wacheke, mbwa hatajifunza lolote zaidi ya kwamba kung'ata kunaruhusiwa kwa baadhi ya watu. Ni vyema kukaa pamoja siku ya kwanza na kukubaliana maneno matatu tu: lake la kuacha, lake la kupokea kwa upole, na jina lake.

Ukifuata hatua hizi, usitarajie kung'ata kuishe ndani ya siku tatu. Kwanza nguvu ya meno hupungua, baadaye ndipo idadi ya mara anazong'ata inapopungua. Wengi huacha kabisa meno ya ukubwani yanapokamilika. Kupungua kwa nguvu kwanza ndiko kunakotakiwa, maana mbwa aliyejifunza kupima meno yake, hata siku akikanyagwa mkia na kugeuka kwa hasira, uwezekano wa kujeruhi vibaya huwa mdogo.

Kipigo kinafundisha nini

Wafugaji wengi watauliza kwa nini wasimchape kofi moja tu la mdomo yakaisha. Ni kweli kwamba kofi linaweza kumfanya aache kwa wakati ule. Lakini analolishika kichwani ni kwamba mkono wa binadamu unaokuja usoni kwake unaleta maumivu. Akiwa na miezi miwili atanywea. Akiwa na mwaka mmoja na meno 42, mkono unaomkaribia uso, hata ukiwa wa mtoto anayetaka kumpapasa, utamkuta tayari amejihami.

Vilevile, mbwa anayechapwa kila anaponguruma hujifunza kutonguruma. Wapo wanaodhani hayo ni mafanikio, kumbe wameondoa kengele ya hatari. Mngurumo ni onyo kwamba nimekasirika au naogopa, kaa mbali. Mbwa asiyetoa onyo ndiye yule ambaye baadaye watu husema aling'ata ghafla bila sababu.

Kuhusu kumfungia mbwa kwenye boksi la giza kutwa nzima au kumlisha pilipili ili awe mkali, huko ni kumtesa tu. Pilipili huunguza mdomo na tumbo, na giza humnyima nafasi ya kuwajua watu. Ukali unaopatikana kwa njia hiyo ni woga, na mbwa mwoga hachagui kati ya mwizi na mjukuu. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mbwa ni mnyama.

Mfano wa kuvutia wa mafunzo ya upole upo hapa hapa nchini. Mjini Morogoro, shirika la APOPO kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya hao hawapigwi. Huzoeshwa watu wakiwa wadogo, kisha hufundishwa kwamba kila wakifanya lililo sahihi husikia mlio mfupi na kupata kipande cha ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Cambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi ya kutegua maeneo yenye mabomu, na alikufa Januari 2022. Ikiwa panya anafundishika kwa ndizi na uvumilivu, mbwa, ambaye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hawezi kushindwa.

Je, mbwa mpole atalinda?

Hili ndilo swali la mwenye stoo, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba kutong'ata hovyo na kulinda ni mambo mawili tofauti. Mwizi hufukuzwa kwanza na kelele. Mbwa akibweka usiku, mwenye mali huamka, mlinzi huwasha tochi na jirani hufungua dirisha. Kubweka huko hakufundishwi kwa kung'ata vidole vya watoto. Huja kwenyewe mbwa anapokua na kuanza kuona kwamba uwanja ule ni wake.

Hata mbwa wa polisi, ambao kung'ata ni sehemu ya kazi yao, hufundishwa kuachia mara tu anayewaongoza anapotoa amri. Mbwa asiyeachia hafai kazini. Kwa mfanyabiashara ni muhimu zaidi, kwa sababu uwanja wake mchana ni wa wateja, wachukuzi, madereva wa malori na waendesha bodaboda, na usiku tu ndipo huwa wa mbwa. Mbwa anayefaa Nyakanazi ni yule anayetulia kwenye kivuli cha stoo mchana wakati magunia yanapakiwa, na usiku anabweka jani likianguka.

Kwa mfugaji wa mbuzi na kuku, mafunzo ni hayo hayo. Mtoto wa mbwa anayewakimbiza vifaranga kwa mchezo akiwa na miezi miwili atawaua akiwa na miezi minane. Afungwe kamba nyepesi anapokuwa karibu na mifugo, aondolewe kwa utulivu anapotaka kurukia, na apewe tonge anapokaa chini na kutazama tu.

Watoto wa nyumbani

Watoto ndio wanaochezea zaidi mbwa wadogo na ndio wanaoumizwa zaidi. Mtoto aking'atwa hupiga kelele, hukimbia na kurusha mikono, na kwa mbwa huo ni mchezo mtamu kuliko yote. Mfundishe mtoto kusimama kama mti: asimame wima, mikono kifuani, atazame juu na anyamaze. Mbwa akikosa cha kukimbiza huondoka.

Aidha, mtoto asimsogelee mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha, asimvute mkia wala masikio, na asiachwe peke yake na mbwa akiwa bado mdogo. Mzazi asiseme mbwa huyu ni wetu hana neno. Wengi wanaong'atwa hung'atwa na mbwa wanaowafahamu.

Mbwa anayeshikika huchanjwa

Kuna sababu nyingine kubwa ya kumzoesha mbwa mkono wa binadamu angali mdogo, nayo ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15, na karibu maambukizi yote ya binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu daima huua.

Chanjo ya mbwa ndiyo kinga ya uhakika. WHO inaeleza kwamba mbwa wasiopungua asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 zilifanikisha kuukomesha, na uliporejea mwaka 2016 ulikomeshwa tena kwa njia hiyo hiyo.

Lakini siku ya chanjo inapotangazwa kijijini, wapo wanaobaki nyumbani kwa sababu hawawezi kumshika mbwa wao wenyewe. Hajawahi kuvalishwa kamba, hajawahi kushikwa mguu, na akiguswa shingo hugeuka na meno. Mbwa huyo, ambaye ndiye hatari zaidi, hubaki bila chanjo. Kwa hiyo kila jioni, baada ya mafunzo ya tonge, mshike mtoto wa mbwa masikio, miguu na mdomo kwa upole, mnyanyue midomo uone meno, mvalishe kamba shingoni na kutembea naye hatua kumi, kisha umpe zawadi yake. Siku ya sindano utashukuru.

Kwa kawaida mbwa huchanjwa anapofikia miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa ratiba anayoitoa ofisa mifugo. Kwenye kampeni za vijiji, WHO inashauri hata wadogo wa chini ya umri huo wachanjwe, hivyo usimwache nyumbani kwa kudhani bado ni mchanga.

Ieleweke pia kwamba mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa. Aliyebadilika ghafla, akawa anang'ata kila kitu bila kuchoka, anatoa udenda, anashindwa kumeza, sauti imebadilika au miguu inalegea, huyo si wa kufundishwa. Usimshike. Toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata haraka.

Na mtu yeyote akiumwa na mbwa na ngozi ikachubuka, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe mafuta, pilipili, unga wa betri wala majani. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, akaeleze ameumwa na mbwa gani. Sindano za kinga hutolewa kwa mfululizo wa siku kadhaa, na inafaa zikamilishwe zote kama zilivyoelekezwa. Mbwa aliyeuma, kama anapatikana na ni mzima, afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo, kwani hali yake humsaidia daktari kuamua.

Hesabu ya mfanyabiashara

Chukulia mfano wa mwenye duka la nafaka mjini Nyakanazi ambaye mbwa wake amemng'ata mchukuzi. Atalipa nauli ya mgonjwa kwenda hospitali, pengine hadi Biharamulo mjini ikiwa chanjo haipo karibu. Nauli hiyo haitakuwa ya safari moja, kwa sababu sindano si moja. Atalipa gharama za matibabu na siku ambazo mchukuzi hakufanya kazi. Wakishindwa kuelewana watafikishana kwenye baraza la kata au mahakamani, ambako mwenye mbwa anaweza kutakiwa kulipa fidia. Na hata akilipa yote, wateja watakuwa wameshaambiana kwamba pale kwa fulani kuna mbwa anauma, nendeni duka la pili.

Linganisha na upande wa pili: suruali kuukuu, matonge ya ugali, neno “basi” na nusu saa kwa siku kwa miezi minne au mitano. Hakuna pembejeo shambani yenye faida kubwa kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mwenye mbwa ambaye ameshakua na tayari anang'ata asikate tamaa wala asikimbilie rungu. Amweke ndani ya uzio au amfunge mchana mahali ambapo wateja hawapiti, apate kivuli, maji na nafasi ya kujinyoosha, ahakikishe amechanjwa, na aombe ushauri wa ofisa mifugo. Mafunzo ya tonge na subira humfaa mbwa mkubwa pia, ila yafanywe na mtu mmoja anayemwamini, na watoto wakae mbali.

Kwa anayetarajia kuchukua mtoto wa mbwa msimu huu, kazi ianze siku anapovuka kizingiti. Mweke mahali pa kulala, kubalianeni maneno matatu ya nyumbani, funga fundo la kitambaa, na umuulize ofisa mifugo wa kata tarehe ya chanjo inayofuata.